Bega la Ognen

Jumatano, 5 Septemba

Mji mzima unanuka pilipili hoho za kuchomwa kwa akiba ya majira ya baridi. Kila ua lina jiko, kila jiko lina mwanamke, na kila mwanamke ana maoni. Dada yangu Spaska kanimenyesha pilipili tangu asubuhi, huku akiniambia kwamba tangu nifiwe na mke nimekuwa mtu wa kujisemesha peke yangu, heri niandike. Basi naandika.

Habari kubwa. Klabu yetu ya Kamen imeingizwa katika Ligi ya Mataifa Saba. Si kwa ubora. Klabu moja ya Slovenia imejitoa, na sisi ndio tuliokuwa wepesi kupokea simu. Kuanzia mwezi huu Kratovo, mji ambao ukipiga chafya mtaa wa juu unaombewa afya mtaa wa chini, utacheza mpira wa mikono na Wahungaria, Wakroatia, Waserbia na wengine wenye kumbi za viti vya kukunja. Mtunza vifaa ni mimi. Jezi, mipira, chupa za maji, na ule ulimbo wa kupaka vidoleni ili mpira ugande mkononi, vyote viko chini yangu. Nikapita barabarani kifua mbele.

Nikaingia kwa kum Tase. Ndiye aliyesimamia ndoa yangu, ndiyo maana tunaitana kum, na ndiye mwenye mkahawa unaotazamana na ukumbi. Nilitarajia pongezi. Badala yake akaniambia: "Kum, mshukuru Mungu. Sasa wasaka vipaji watamwona Ognen. Mtoto yule hawezi kuozea hapa."

Ognen ni mwanangu, wa pekee. Ana miaka ishirini na mmoja, anacheza upande wa kulia, na ana shoto. Najua kuna nchi ambako mtoto akishika kijiko kwa mkono wa kushoto hupigwa kofi. Mimi siku Ognen aliposhika cha kwake hivyo nilitoka mbio kwenda kununua keki, maana katika mchezo huu mwenye shoto ni dhahabu. Sikufikiri kwamba dhahabu huibiwa.

Nyumba yetu ina watu wawili. Akiondoka yeye atabaki mmoja, na huyo mmoja simpendi kiasi cha kula naye kila siku. Nimekata shauri. Hakuna atakayemchukua.

Jumapili, 23 Septemba

Jana mechi ya kwanza. Tumefungwa na Waserbia kwa mabao mawili tu, na mji unasherehekea kama tumeshinda. Padri mwenyewe alipiga mluzi. Ognen kafunga tisa. Kila bao nilipiga makofi, na kila bao niligeuka kutazama kama kuna mgeni mwenye daftari.

Kocha Pavle kaniita pembeni. Mwezi ujao anakuja Mjerumani, Bwana Reimers, msaka vipaji wa klabu moja huko juu kabisa kwenye bahari ya kaskazini. Kocha anataka nifue mapazia ya chumba cha kubadilishia nguo. Nikamuuliza huko ni mbali kiasi gani. Akasema kwa basi unaweza kuota ndevu. Spaska anasema huko jua hutoka kwa miadi.

Laiti angekuwa mtu wa Skopje, mji mkuu wetu! Skopje ni saa moja na nusu tu, mtu anarudi Jumapili na nguo zake chafu kama binadamu. Mtu wa Skopje ningemtandikia kitanda changu mwenyewe.

Mapazia sikuyafua.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimepata mkakati. Ni mzuri mpaka naogopa kuuandika.

Ulimbo wa timu nauchemsha mwenyewe, jikoni kwangu, kwenye sufuria ambayo marehemu mke wangu aliniachia kwa masikitiko baada ya kuiona imegandwa na ulimbo mara ya kwanza. Utomvu wa msonobari, mafuta kidogo, moto wa chini. Mafuta yakipungua unakuwa kama jiwe. Yakizidi, mpira unateleza kama sabuni bafuni. Ni nani atakayejua? Hakuna mtu Kratovo anayeujua ulimbo isipokuwa mimi.

Sitamdhuru mwanangu. Mungu apishe mbali. Mpira utamponyoka mara kadhaa mbele ya Mjerumani, Mjerumani ataandika "mikono ya siagi", atakula kebabu zake kwa Tase na kwenda zake. Sisi tutabaki na maisha yetu.

Nimetia mafuta mara tatu ya kawaida. Ognen kaingia akanusa, akasema leo ulimbo unanukia vizuri. Nikainamia sufuria ili asinione uso.

Jumapili, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Wahungaria walisahau makopo yao ya ulimbo. Desturi ni kwamba mwenyeji humgawia mgeni, hata kama anamchukia. Kocha Pavle akawapa yetu. Basi watu kumi na wanne wakaingia uwanjani na mikono iliyopakwa mafuta ya kukaangia. Mpira ulikwenda kila mahali isipokuwa golini. Ulimgonga mwamuzi. Ulimgonga mwamuzi wa pili. Kipa wetu Lazo, mwenye kilo mia na kumi na moyo wa ndama, aliudaka mmoja, ukamtoka, ukajitumbukiza wavuni nyuma yake taratibu, na ukumbi mzima ukiutazama.

Ni mtu mmoja tu uwanjani ambaye mpira haukumtoka. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Ognen alijifunza mchezo kwenye ukumbi wa shule ya msingi, ambako ulimbo ulipigwa marufuku kwa sababu unachafua sakafu. Mlinzi wa sakafu hiyo alikuwa mkali kama nyigu, akiwakagua watoto vidole mlangoni. Mlinzi huyo ni mimi. Kwa miaka minane mtoto wangu alishika mpira mkavu kwa vidole vitupu, na leo anaushika kama chungwa.

Mabao kumi na moja. Tukashinda. Bwana Reimers, mtu mrefu mwenye koti la rangi ya mvua, alisimama kwenye kiti. Kocha Pavle anasema Mjerumani akisimama kwenye kiti hilo ni jambo la kuandikwa.

Baadaye Kocha akaniuliza ulimbo ulikuwa na nini. Nikamwambia misonobari imepata shida mwaka huu, kiangazi kilikuwa kikali. Akanitazama. Akasema: "Bwana Meto, mimi pia nina misonobari." Akaondoka.

Jumamosi, 17 Novemba

Naandika nikiwa kwenye basi, tunarudi kutoka Kroatia. Wote wamelala isipokuwa Lazo, anayetazama dirisha ingawa nje hakuna kitu.

Mkakati wa safari hii ulikuwa wa chakula. Niliamka mapema nikapika maharage ya chungu na mbavu za nguruwe za kukaushwa, chungu kile kikubwa, nikakifunga kwa blanketi. Hesabu yangu: Ognen hawezi kukataa maharage yangu. Mtu aliyekula maharage yale hawezi kuruka. Anaweza kukaa, na kwa bahati nzuri anaweza kulala.

Ognen akasema hana njaa, yuko sawa na ndizi mbili. Akampa Lazo chungu. Lazo akasema "Mungu akubariki, Mzee Meto," akala chote, akafuta chungu kwa mkate, akafuta kifuniko.

Tumefungwa kwa tofauti ya mabao ishirini na moja. Lazo alisimama golini kama kabati. Mipira ilimpita kulia na kushoto, na alikuwa akiisindikiza kwa macho. Mashabiki wa kule wakawa wanampigia makofi kila akijaribu kuinua mguu. Bwana Reimers alikuwepo, na Kocha anasema alimtazama Ognen tu kwa sababu kwingine hakukuwa na cha kutazama.

Baada ya mechi Lazo alikaa kwenye benchi la chumba cha nguo akalia. Alisema labda amezeeka, labda aache. Ana miaka ishirini na sita. Nilikuwa nakusanya jezi. Ningeweza kumwambia. Nilimpa taulo.

Nasikitika. Naandika hapa ili lijulikane kwamba nilisikitika.

Jumatatu, 7 Januari

Krismasi njema, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu. Spaska hana jino.

Jana usiku wa mkesha tulikuwa watatu mezani, Spaska, Ognen na mimi. Mkate wa mkesha una sarafu ndani. Kipande cha kwanza hukatiwa nyumba, halafu kila mtu chake, na anayepata sarafu mwaka ni wake. Sarafu ikiangukia nyumba, maana yake baraka imebaki nyumbani, na wenye akili hubaki nayo. Ognen ni kijana wa kisasa lakini mambo ya mkate anayaheshimu. Mama yake alimlea hivyo.

Sarafu nikaitia kwenye unga mwenyewe, nikaweka alama ya karafuu juu ya upande wa nyumba. Kazi safi. Ila Spaska, kabla ya kukata, aliuzungusha mkate kama mama yetu alivyokuwa akiuzungusha, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba mama yetu alikuwa na tabia hiyo. Karafuu ikaenda kwake. Akauma. Tukasikia.

Alinitazama, sarafu mkononi na nusu ya jino kwenye sarafu. Akauliza ni nani aliyechagua sarafu kubwa vile. Kisha akasema kwamba angalau mwaka ni wake, na atautumia kunichunga.

Ognen alicheka mpaka akashika tumbo. Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo akanipiga bega, akasema: "Mwaka huu utatuendea vizuri, baba. Kuliko unavyofikiri. Wewe subiri tu."

Nimelala vibaya. Ni Ujerumani hiyo. Ameshaamua, anataka kunipoza kwanza.

Jambo moja linanipa matumaini. Siku hizi kila Jumatano anakwenda Skopje kumwona rafiki, na hasemi rafiki gani. Naomba awe msichana. Mwenye macho makubwa na mama mgonjwa asiyeweza kuachwa.

Jumanne, 12 Februari

Msichana, kama yupo, anachelewa. Reimers anarudi wiki ijayo. Nimeacha mambo ya sufuria. Nimegundua kwamba vitu vinanigeuka lakini maneno hayajawahi kunigeuka.

Leo nimekwenda kwa kum Tase saa ambayo mkahawa umejaa. Nikakaa, nikaagiza rakija, pombe yetu kali ya matunda, nikashusha pumzi kwa nguvu. Tase akauliza kulikoni. Nikasema hakuna kitu. Nikashusha pumzi tena. Akavuta kiti. Nikamnong'oneza kwamba ni siri, afe nayo, ila bega la kushoto la Ognen limeoza. Anatupa mpira kwa dawa za maumivu. Madaktari wanasema msimu mmoja, miwili akiwa na bahati.

Tase akajishika moyo. Akaapa kwamba siri hii itaingia naye kaburini. Kumwambia Tase siri ni sawa na kukodi gari la vipaza sauti, ila Tase ni bure.

Nilipofika kwa kinyozi, kinyozi akaniambia pole.

Ijumaa, 22 Februari

Uvumi umekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Mke wa mfamasia kaleta mafuta ya bata bukini ya kuchulia. Padri kamwombea Ognen kwa jina, na kwa bega, upande ukitajwa. Vikongwe wawili wanambishia hodi wakiwa na majani ya kabichi ya kufunga bega. Ognen kaja kuniuliza watu wa mji huu wamepatwa na nini. Nikamwambia ni mapenzi, mtu akiwa nyota watu humpenda sehemu sehemu.

Mwenye mashaka ni Spaska peke yake. Kaniuliza bega lipi. Nikasema la kushoto. Akasema jana Ognen kambebea gunia la viazi kwa bega hilo hilo, ghorofa mbili. Nikamwambia ndio maana linaoza.

Halafu juzi Reimers akaja. Tase, kum wa kweli, akajipa kazi ya kumfikishia habari. Kijerumani hajui, Reimers naye hajui neno la kwetu zaidi ya "kebabu". Tase akatumia mikono. Akashika bega lake la kushoto, akakunja uso, akagumia, akatikisa kichwa, akajitupa kwenye kiti kama maiti. Reimers akatikisa kichwa naye, macho yamemtoka, akamshika mkono kwa shukrani. Nilitazama dirishani. Nikasema moyoni, imekwisha.

Jioni Kocha Pavle, ambaye Kijerumani kidogo anacho, akatuambia Mjerumani kafurahi kupita kiasi. Anasema hata mwenye mkahawa kamwapia kwamba mtupo wa bega la kijana huyu unaua makipa. Kesho yake ataleta daktari wake ampime, kama wanavyompima kila mchezaji, halafu wataongea.

Daktari kampima jana. Bega ni kama la ng'ombe wa kulimia.

Alhamisi, 14 Machi

Ajabu. Wiki tatu, na Ognen hasemi lolote kuhusu Ujerumani. Hajasaini. Nimeanza kula vizuri. Labda Mjerumani aliogopa baadaye, labda uvumi ulimfikia kwa njia nyingine. Maneno yana miguu.

Jana Jumatano alikwenda Skopje kama kawaida, akarudi mapema kuliko kawaida. Alikaa jikoni bila kuvua koti. Nikamkaangia mayai. Nikamwambia, mwanangu, mambo mengine Mungu hayaruhusu kwa sababu anataka mtu abaki kwao. Akasema labda.

Kama ni msichana kamwacha, nasikitika kwa ajili yake. Lakini atapona nyumbani.

Jumapili, 17 Machi

Hakuna msichana.

Ameniambia leo, baada ya chakula, akikausha sahani. Alikuwa akienda kwa klabu moja ya Skopje. Tangu Desemba. Walimtaka sana. Walikubaliana kwa mdomo kila kitu, chumba karibu na ukumbi, na Jumapili zote ziwe zake isipokuwa za mechi. Ognen alishamkatalia Mjerumani kwa adabu mwezi wa kwanza, ila yule Reimers ni king'ang'anizi. Habari ya Skopje alitaka kunipa siku ya jina langu, yaani sikukuu ya mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake, mwezi wa tano, aje na jezi. Alisema alijua mimi sitaweza kukaa peke yangu, hata kama huwa nasema naweza. Sikumbuki kama nimewahi kusema naweza.

Jumatano wakamwita ofisini. Wakamwambia wamesikia kutoka Kratovo, kwa watu watatu tofauti, kwamba bega limekufa. Akawaambia wampime. Wakasema mtu anayeficha huficha hata kwa daktari, na hawana nafasi ya kubahatisha. Wamemchukua mwingine, Mmontenegro mwenye shoto.

Wajerumani hawakusikia kitu. Uvumi wangu ulifika Skopje kwa basi la asubuhi, ukafika kila mahali panaposemwa lugha yetu, na mpakani ukasimama kwa sababu haukujua Kijerumani.

Kwa hiyo anakwenda kaskazini. Atasaini wiki hii.

Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Nikasikia sauti yangu ikiuliza ni mshenzi gani aliyefanya jambo kama hilo. Nikasema mtu huyo Mungu amlaani. Nilisema hivyo, mimi, jikoni kwangu. Ognen akasema: "Usimlaani baba. Labda na yeye aliambiwa vibaya."

Kitumbua kimeingia mchanga, na mchanga nilikwenda kuuchota mwenyewe kwa ndoo.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda Skopje. Nimevaa suti ya mazishi kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Nimeonana na katibu wa klabu, kijana mwenye kikombe kidogo cha kahawa na subira ndogo zaidi. Nikamwambia bega ni zima. Nikamwambia kuna mtu alieneza uongo, mtu mmoja mpumbavu, namjua vizuri, si mtu mbaya. Nikamwambia mwanangu aliwahi kubeba gunia la viazi ghorofa mbili.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mzee, hapa kila baba husema bega ni zima."

Nikasema ni mimi. Mimi ndiye niliyeeneza. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtu aliyekunywa, akaniambia mapenzi ya mzazi ni kitu kikubwa, akanifungulia mlango.

Nimesema kweli mara moja tangu Septemba, na ndiyo mara pekee ambayo sikuaminiwa.

Spaska alikuwa ananisubiri kituo cha basi. Sijui alijuaje. Hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu: "Meto, mdogo wangu, katika mji huu ni nani mwingine aliyekuwa na sababu?" Tukapanda mlima. Mlangoni akaniambia kwamba yeye hatamwambia Ognen, kwa sababu mtoto ana safari ndefu na hapaswi kuibeba hiyo pia. Nikamwambia asante. Akasema si kwa ajili yangu.

Jumamosi, 11 Mei

Mechi ya mwisho. Tumemaliza wa kumi na moja kati ya kumi na wawili, na mwaka kesho watu wa Slovenia wanarudi, kwa hiyo sisi tunarudi kucheza na majirani zetu. Hakuna aliyelalamika. Lazo aliokoa penalti mbili na ukumbi ukaimba jina lake. Nilimpelekea maji mwenyewe. Nimekuwa nikimpelekea maji tangu Novemba.

Nilichemsha ulimbo kwa siku tatu. Sijawahi kutengeneza ulimbo mzuri hivyo, mwekundu, laini, unaoshika bila kung'ang'ania. Ognen alichovya vidole akanionyesha dole gumba.

Bao lake la mwisho lilitoka mbali. Aliruka, akabaki hewani kama mtu aliyesahau kushuka, na mkono ule wa kushoto ukapita juu ya mabeki watatu. Ukumbi wote ukasimama. Nilisimama nami. Kwa mara ya kwanza msimu huu nilimtazama mwanangu akicheza bila kuomba akosee, na nikaona kwamba ni mzuri kuliko nilivyojua. Nilikuwa nimeukosa msimu mzima. Niliukosa nikiwa ndani ya ukumbi.

Kum Tase alilia waziwazi. Alisema analia kwa ajili ya lile bega, jinsi lilivyovumilia.

Jumanne, 16 Julai

Ameondoka.

Tulikaa kituoni, Spaska, mimi na mabegi mawili. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea: Ognen, kabla hujapanda, kuna jambo. Basi likaja. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, wa kushoto, ule mwingine ulikuwa na tiketi. Bega lake likawa karibu na mdomo wangu. Ningeweza kuliambia lenyewe.

Nikamwambia kaskazini ni baridi, avae soksi mbili.

Akasema sawa baba. Spaska alinitazama, akageuka akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambao najua hauna kitu.

Nilirudi nikaosha vikombe viwili. Kimoja kilikuwa safi.

Alhamisi, 8 Agosti

Anapiga simu kila Jumapili. Anasema chumba ni kizuri, dirisha linaona maji, watu wanakula samaki ndani ya mkate na wanafika kila mahali kabla ya wakati. Anasema Reimers kamnunulia koti. Anauliza kama ninakula. Nasema ninakula. Jumapili iliyopita alisema kule hakuna pilipili za kuchoma, hewa haina harufu ya kitu chochote. Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Yote ni kosa langu, na nimelikubali. Nimekuwa nikilikubali kila asubuhi tangu Julai, kwa unyenyekevu, kabla ya kahawa. Majuto ni mjukuu, na wangu kanikalia mapajani. Nimetubu kwa padri pia, bila kutaja majina, na padri kaniambia mtu hujifunza kutokana na makosa yake.

Hilo nimelifikiria sana. Kosa langu lilikuwa wapi, hasa? Mkakati wenyewe haukuwa na dosari. Watu wote walioweza kuuelewa waliuamini, hata klabu kubwa yenye ofisi. Dosari ilikuwa lugha.

Huku juu mlimani anakaa Mzee Krste, aliyefanya kazi kiwandani Ujerumani miaka thelathini na kurudi na pensheni na masharubu. Nimempelekea chupa ya rakija na kumwomba anifundishe. Kafurahi. Kaniambia ni jambo zuri kwa baba kutaka kuzungumza na watu wanaoishi na mwanawe. Nimekwenda mara nne. Najua kusalimia, najua kusema mimi ni baba wa Ognen, na najua kusema kwa masikitiko makubwa kwamba ni siri.

Krste anasema nina kichwa chepesi kwa umri wangu. Bega tumelimaliza. Kesho tunaanza goti.